Kulia kwa Mwenye Mwili



Somo nililokuja nalo ni la kutaja mahali na miendo ya mwili. Katika shule za udaktari hili ni somo la mwanzo. Mwanafunzi hafundishwi moyo wala ini kabla hajajua kusema mbele, nyuma, juu, chini, kati na pembeni kwa namna ambayo kila mwenzake ataielewa vilevile. Nimependa kulizungumzia hapa katika soko la Burma, Nairobi, nje ya kumbi za chuo, kwa kuwa watu wa soko hili huufungua mwili wa mnyama kila siku. Njia za misuli na mahali pa viungo mnavijua kwa mikono yenu. Kilichobaki ni kukubaliana juu ya kanuni ya kuvitaja, na kanuni yenyewe ni moja: mahali pa mwilini hutajwa kwa kuanzia kwenye mwili wenyewe. Hapapimwi kutoka aliposimama msemaji, wala kutoka ardhini.

Kusimama kwanza

Jina Burma linaturudisha kwenye Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, na Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikavuka Mto Chindwin. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi zao, na amri za gwaride la Kiswahili tunazisikia hadi leo kwa polisi na kwa maskauti: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka.

Anatomia nayo ina mguu sawa yake. Mtu asimame wima, uso uelekee mbele, miguu ikaribiane na vidole vyake vitazame mbele, mikono ining'inie kando ya mwili. Kufikia hapo hatofautiani sana na askari wa gwaride. Tofauti iko kwenye viganja. Askari hukunja ngumi akaiweka kando ya paja. Katika msimamo wa anatomia viganja hufunguliwa vikatazama mbele, na vidole gumba vikaelekea nje, mbali na mwili.

Viganja vimewekwa hivyo kwa sababu ya mifupa. Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kilimbili, kina mifupa miwili. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo husimama sambamba, mmoja upande wa gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Ukigeuza kiganja kitazame nyuma, mfupa wa upande wa gumba hupita juu ya mwenzake ikapishana. Wataalamu walichagua hali ambayo mifupa haijapishana, ili kila kitu kiwe na mahali pamoja pa kutajwa.

Msimamo huu haubadiliki. Mgonjwa anaweza kuwa amelala chali, amelala kifudifudi, amejikunja kwa maumivu au ameinamishwa kichwa chini. Tunapomtaja, tunasema kana kwamba amesimama hivyo. Paji la uso liko juu ya kidevu hata mtu akining'inia miguu juu.

Kulia ni kwa nani?

Ukimwelekeza mgeni kibanda chako ukamwambia kiko mkono wa kulia, atakuuliza: kulia kwa anayetoka mjini, au kwa anayetoka Donholm? Barabara ya Jogoo haina kulia yake yenyewe. Mwili unayo. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, na daktari anayemtazama mgonjwa uso kwa uso hana budi kuiacha kulia yake na kuifuata ya mgonjwa. Ndiyo maana picha za eksirei za kifua na za mashine ya CT huwekwa hivi kwamba upande wa kulia wa mgonjwa unaonekana kushotoni mwa anayetazama. Ini, lililo kulia, utalikuta kushoto mwa picha. Picha haijageuzwa kimakosa. Inamtazama mtu kama anavyotazamwa na aliye mbele yake.

Kosa la upande ni kosa lenye damu. Mtu ana figo mbili, macho mawili, magoti mawili, na kiungo kizima kikikatwa hakirudishwi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama. Kabla kisu hakijagusa ngozi, timu nzima husimama ikathibitisha kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa nini, na mahali pa kupasuliwa huwa pametiwa alama. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2007, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilikuwa imeshuhudia wagonjwa wawili waliolingana jina la kwanza wakichanganywa: aliyepaswa kupasuliwa goti akafunguliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa akafunguliwa goti. Kosa lile lilikuwa la kutambua watu. Hata hivyo, dawa yake na dawa ya kosa la upande ni ileile: kutaja kwa sauti, kutaja kwa ukamilifu, na kumsikiliza mwenye mwili kabla hajalazwa usingizi.

Baada ya kulia na kushoto zinafuata jozi nyingine. Juu ni kuelekea utosini, chini ni kuelekea nyayoni. Mbele ni upande wa kifua na tumbo, nyuma ni upande wa mgongo. Kati ni kuelekea mstari unaoshuka kutoka katikati ya paji la uso, ukapita puani, kitovuni, ukaishia baina ya miguu; pembeni ni kwenda mbali na mstari huo. Kwa mikono na miguu tunaongeza jozi nyingine: karibu na shina na mbali na shina, shina likiwa ni bega kwa mkono na nyonga kwa mguu. Mwisho ni juujuu na ndani: ngozi iko juujuu kuliko mafuta, mafuta yako juujuu kuliko msuli, na mfupa uko ndani zaidi.

Maneno haya yote ni ya kulinganisha. Jicho liko pembeni ya pua, lakini liko kati kuliko sikio. Kiwiko kiko karibu na shina kuliko kilimbili, lakini kiko mbali kuliko bega. Anayesema "iko pembeni" akanyamaza amesema nusu. Anayesema "iko pembeni ya pia ya goti, chini yake kidogo" amemfikisha msikilizaji.

Ng'ombe anatufundisha nini

Sasa mleteni ng'ombe asimame karibu na mtu. Kichwa cha mtu kiko juu. Cha ng'ombe kiko mbele. Tumbo la mtu liko mbele. La ng'ombe liko chini. Ukichukua maneno ya mtu ukamvika ng'ombe bila kufikiri, utachanganyikiwa papo hapo. Lakini ukisema upande wa kichwani na upande wa mkiani, upande wa mgongoni na upande wa tumboni, maneno yanashika kwa wote wawili, maana kila mwenye uti ana mgongo na ana tumbo, asimame kwa miguu miwili au kwa minne. Hapo ndipo kanuni inapojithibitisha: maneno yaliyofungwa kwenye mwili hayapotei mwili unapogeuka.

Wanasayansi walifika hapo kwa safari ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, vitabu vya Ulaya vilikuwa na majina takriban 50,000 ya sehemu za mwili, kwa sababu kila shule iliita kitu kilekile kwa jina lake. Mwaka 1895 wataalamu wa anatomia walikutana Basel, Uswisi, wakayapunguza yakabaki 5,500 na ushei. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na mwaka 1998 ikatolewa orodha mpya ya kimataifa. Wataalamu wa mifugo nao walitoa orodha yao ya kwanza mwaka 1968, kwa kuwa mnyama wa miguu minne alihitaji maneno yanayomfaa. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, anatomia ya binadamu na anatomia ya mifugo zote hufundishwa Chiromo, ujirani unaostahili kabisa.

Wachinjaji na wauzaji wa hapa mnajua mengi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayasoma kwa jasho. Mteja husema "nipe mbuzi, mkono", nanyi mnampa mguu wa mbele. Mna haki kuuita mkono. Kombe la bega, mfupa mmoja wa juu, mifupa miwili ya kigasha: mpangilio ni uleule wa mtu. Kile kinachoitwa goti la mbele la ng'ombe ni kilimbili chake. Kiwiko chake kiko juu, karibu na kifua. Kwenye mguu wa nyuma, ile ncha inayochomoza kuelekea nyuma ni kisigino. Ng'ombe anatembea juu ya kucha za vidole viwili, cha tatu na cha nne, na zile kwato ndogo zilizoning'inia nyuma ni mabaki ya vidole vingine viwili.

Mnajua pia kwamba mkono wa mbuzi hutoka kwa kisu kitupu, bila shoka wala msumeno. Mbuzi na ng'ombe hawana mtulinga. Mkono wao umeshikwa na misuli tu, na kisu kikipita kati ya kombe la bega na mbavu, mkono unaachia. Binadamu ana mtulinga, na huo ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono wake na kiwiliwili. Mtu akianguka kutoka kwenye bodaboda akatanguliza mkono, nguvu ya pigo hupita kwenye mtulinga, nao huvunjika mara nyingi. Jinsi tulivyoumbwa tuinue mikono juu ya kichwa na kuinyosha kando ndivyo tulivyofungulia mlango wa mvunjiko huo.

Hata namna ya kukata imo katika somo. Mnapopasua mzoga kwa urefu, kufuata uti wa mgongo, mmekata kwenye bapa la kati linalotenganisha kulia na kushoto. Mnapogawa kila nusu kuwa robo ya mbele na robo ya nyuma, mmekata kwa bapa la kukingama. Mashine ya CT hutazama mwili kwa mabapa hayo ya kukingama, moja baada ya jingine, bila kuukata. Bapa la tatu, linalotenganisha upande wa mgongoni na upande wa tumboni, sokoni halina kazi sana, lakini ndilo tunalolifikiria tunapomtazama mtu aliyesimama mbele yetu.

Mahali mtu na mnyama wanapoachana

Kufanana huku kuliwahi kuidanganya dunia. Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma katika karne ya 2, hakuruhusiwa kupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe, kisha akaandika juu ya binadamu. Alisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Alisema chini ya ubongo wa mtu kuna wavu wa mishipa ya damu, wavu ambao kwa kweli uko kwa kondoo na ng'ombe. Vitabu vyake vilisomwa kama sheria kwa zaidi ya miaka 1,000.

Aliyethubutu kumpinga kuhusu taya alikuwa Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1200. Alikuta mafuvu mengi ya waliokufa, akayachunguza moja moja, akaona taya la chini la mtu ni mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika kwamba ushahidi wa macho unastahili kuaminiwa kuliko Galen. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyefundisha Padua, Italia, akachapisha kitabu kikubwa cha anatomia ya binadamu kilichorekebisha makosa mengi ya aina hiyo.

Anayeuza supu ya kichwa anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Taya la chini la ng'ombe lina mshono mbele, katikati, usiokauka kuwa mfupa kabisa. La mtu mzima halina. Mbavu nazo: ng'ombe ana jozi 13, mtu ana 12. Kigasha cha ng'ombe kimeungana mifupa yake, kwa hiyo hawezi kugeuza kwato juu kama tunavyogeuza kiganja tunapopokea chenji. Ng'ombe ni mwalimu mzuri wa mwili, mradi tujue anapoishia.

Miendo

Miendo nayo hutajwa kwa kuanzia kwenye mwili. Kukunja ni kupunguza pembe kati ya mifupa miwili. Kunyosha ni kuirudisha. Hatusemi kukunja ni kwenda mbele, kwa maana kiwiko hukunjika kuelekea mbele na goti hukunjika kuelekea nyuma. Tofauti hiyo ilianza tumboni mwa mama: karibu na wiki ya saba mikono ya kijusi huzunguka kuelekea nje na miguu kuelekea ndani, hivyo kiwiko kikatazama nyuma na goti likatazama mbele.

Kutanua ni kupeleka kiungo mbali na mstari wa kati. Kurudisha ni kukileta. Kwa vidole vya mkono, mstari wa kati hupita kwenye kidole kirefu, na vingine hutanuka kutoka kwake. Kuzungusha ni kugeuza mfupa kwenye mhimili wake, ndani au nje. Kiganja hugeuzwa chali au kifudifudi, kama mtu alalavyo. Wayo huweza kugeukia ndani au nje. Mguu unapoteguka kwenye jiwe, mara nyingi wayo umegeukia ndani, na kano zinazochanika ni za upande wa nje wa kifundo.

Kila msuli una mwendo wake. Fileti, nyama laini iliyolala upande wa ndani wa uti wa kiunoni, kwa mtu ni msuli wa kukunja nyonga; hatupandi ngazi bila huo. Kwa ng'ombe hufanya kazi ndogo kuliko misuli ya muundi, inayobeba uzito wake kutwa nzima, na hiyo ni sababu kubwa ya fileti kulainika upesi huku muundi ukihitaji kuchemshwa kwa saa nyingi.

Maneno haya yanatuokoaje

Kijana anayebeba robo ya ng'ombe begani hufanya miendo mitatu kwa pamoja: anainama mbele, anapinda kando, anazungusha kiwiliwili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na katikati ya diski kuna ute mzito. Mgongo ukikunjwa mbele chini ya mzigo, ute husukumwa nyuma. Katikati ya nyuma kuna kano ndefu inayozuia, lakini kando zake ni dhaifu zaidi, hivyo diski mara nyingi hutokeza nyuma na pembeni, mahali hasa neva ya mguu inapopita. Maumivu hushuka makalioni, nyuma ya paja, hadi unyayoni.

Kijana huyo akifika kliniki akasema "mgongo unauma", atapewa vidonge. Akisema "maumivu yanaanza chini ya kiuno, kushoto kwangu, yanashuka nyuma ya paja, yanazidi nikiinama mbele, na siwezi kuinua kidole gumba cha mguu", amemwonyesha daktari neva ipi imebanwa. Anayeshindwa kuinua kidole hicho na anayeshindwa kusimama kwa ncha za vidole kwa kawaida wamebanwa neva tofauti. Na kama kinena na makalio yamekufa ganzi, au mkojo hauzuiliki, asingoje kesho. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Mwenye kisu naye hujikata zaidi mkono ulioshika nyama. Aseme: mkono wa kushoto, upande wa kiganja, kidole cha shahada, karibu na shina lake. Kano zinazokunja kidole hupita upande wa kiganja, na zinazokinyosha hupita upande wa nyuma. Jeraha dogo la kiganjani likimwacha hawezi kukunja ncha ya kidole, kano imekatika, na kushona ngozi peke yake hakutamrudishia mkono.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwenu watu wa soko: mkiumia, semeni upande wa kulia au kushoto wenu, mbele au nyuma, karibu na kiungo gani, na mwendo upi unaoleta maumivu au uliokataa. Kwenu wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilisambaza takriban 100,000 kati yenu nchini mwaka 2023: andikeni mambo hayo manne kwa kila mliyemtembelea, na barua yenu ya rufaa itasomwa kwa makini. Kwenu walimu wa vyuo vya tiba: Katiba ya 2010 imefanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) imekuwapo tangu 2003. Mfundisheni mwanafunzi ayataje maungo kwa lugha ambayo mgonjwa wake atamsahihisha akikosea.

Mgonjwa anayeweza kumsahihisha daktari wake amelindwa zaidi kuliko aliyenyamaza. Mwili ni wake, na kulia ni kwake.